Teremka Tukaze

Ndugu msomaji, leo naomba uniwie radhi. Nilikuwa nimejiandaa kuandika juu ya bajeti na ile kauli ya kubana matumizi, ambayo kila mwaka huvalishwa kanzu mpya na kupandishwa jukwaani. Badala yake nitaandika juu ya kitanda. Ukifika mwisho utaamua mwenyewe kama nimeikwepa mada au nimeifuata kwa njia ya uchochoroni.

Kitanda chenyewe kilikuwa cha marehemu baba yangu. Ni kitanda cha kamba chenye matendegu manne ya mti mgumu, na kipo Kwashemshi, wilayani Korogwe, nyumbani kwa shangazi yangu, dada yake baba. Mwanzoni mwa Desemba shangazi alinipigia simu. Baada ya salamu ndefu, za kuulizia mtu mmoja mmoja hadi mbuzi, akasema, "Baba, kitanda cha baba yako kimekatika kamba. Kuna mtu anataka miti yake. Nimpe?" Ananiita baba kwa sababu nimerithi jina la babu, yaani baba yake mzazi. Ndiyo maana hata anaponikaripia huanza kwa kuniheshimu.

Nilimwambia anipe siku mbili nifikirie, kwa kuwa nilikuwa na semina. Semina ilifanyika hotelini, katika ukumbi wenye kiyoyozi cha kumtetemesha mtu, na mada ilikuwa kupanda kwa gharama za maisha na haja ya jamii kujifunza kuishi kwa kiasi. Mimi nilikuwa msemaji wa pili. Nasikia nilizungumza vizuri. Nilisema Mtanzania arejee vyakula vya asili, arejee kazi za mikono, ajenge tena ujirani. Chai ya saa nne ilikuwa na vitafunwa vya aina tano. Mchana tulipakuliwa samaki, kuku na nyama katika sahani moja. Jioni tukasaini posho. Nikiwa njiani kurudi nyumbani, nimeshiba, nilijiuliza ni lini mara ya mwisho mimi mwenyewe nilitwanga kitu, nilisokota kitu au nilikaa na jirani bila saa mkononi. Sikukumbuka. Nikampigia shangazi nikamwambia asiigawe ile miti, nakuja.

Nilikwenda kwa treni, daraja la tatu. Basi ni la haraka zaidi na linapita Chalinze na Segera kabla abiria hajamaliza kusinzia, lakini treni ni nafuu, nami nilikuwa nimeamua kuyaishi maneno yangu japo kwa siku chache. Reli hii ina historia yake. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Kutoka Dar es Salaam tunaifikia kwa kipande cha Ruvu hadi Mruazi, kilichokamilika mwaka 1963. Kisha ikaja miaka mingi ambayo abiria wa njia ya kaskazini hawakuwa na treni kabisa, hadi Desemba 2019, safari za Moshi zilipofufuliwa. Kwa hiyo wapo wanafunzi wangu waliozaliwa na kumaliza sekondari bila kujua kwamba Korogwe inafikika kwa treni.

Nilichokuwa nimebeba kwa ajili ya njaa ni pakiti mbili za biskuti. Mama mmoja aliyeketi mbele yangu, aliyekuwa akielekea Same, aliziangalia kwa huruma, akauliza, "Mwanangu, unaumwa?" Nikamjibu siumwi. "Basi biskuti za nini?" Akafungua hotipoti. Ndani mlikuwa na wali wa nazi na maharage, na juu yake dagaa wa kukaanga waliofungwa peke yao katika karatasi ili wasilegee. Hakuniuliza jina wala kazi. Alinipa kifuniko cha hotipoti kiwe sahani, na kijana wa pembeni akapewa bakuli, na mwanajeshi mstaafu aliyekuwa dirishani akatoa ndizi mbivu kama mchango wake. Mimi nilitoa biskuti, zikapokewa na watoto. Tulikula wanne chakula kilichopikwa kwa ajili ya mtu mmoja na nusu, na kilitosha. Baadaye mstaafu yule alitusimulia habari za Kagera kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia ya nyumbani kwake, hadi giza likaingia na kila mmoja akajikunja mahali pake. Nimesafiri kwa ndege kwenda makongamano ya nchi za mbali, nikarudi nisikumbuke sura ya mtu niliyekaa naye bega kwa bega kwa saa nane. Sura ya yule mama naikumbuka.

Korogwe tulishuka usiku mkubwa. Nilikaa stesheni hadi alfajiri, kisha nikachukua bodaboda kuingia bonde la Lwengera. Ukienda upande huo, milima ya Usambara Magharibi inakuwa mkono wako wa kushoto, mikubwa na ya karibu, na ile ya Mashariki unaiona kwa mbali kulia. Katikati ni mkonge, mstari kwa mstari, hadi macho yanachoka kuhesabu.

Huo mkonge ndio uliotuzaa wengi wetu wa sehemu zile, hata ambao hatukuwahi kukata jani lake. Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na katika miche yote iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutoka katika hiyo miche 62 yakaja mashamba ya Tanga yote, na kufikia mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 220,000, ikiongoza duniani. Kisha zikaja kamba za nailoni na jamaa zake, bei ikaporomoka, mashamba yakataifishwa mwaka 1967, na mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tukizalisha kama tani 20,000. Nimefundisha takwimu hizi darasani mara nyingi. Lakini Kwashemshi takwimu hizi zina miguu. Rafiki yangu wa utotoni, ambaye ndiye mtu wa pili katika kisa hiki, ni mjukuu wa manamba. Babu yake alikuwa Mnyamwezi aliyeletwa na SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanzishwa mwaka 1944 ili kukusanya vibarua kutoka mikoa ya mbali. Alikuja kwa mkataba, mkataba ukaisha, nauli ya kurudi ikaliwa, akaoa. Mjukuu wake leo anazungumza Kisambaa kuliko mimi. Mama yangu ni Mzigua wa Handeni, na kwa kuwa Wanyamwezi na watu wa Pwani ni watani tangu enzi za misafara, rafiki yangu huyu hajawahi kunisalimu bila kunitukana kwanza. Aliponiona nimeshuka kwenye bodaboda na begi langu la magurudumu, alipaza sauti njia nzima isikie: "Ficheni kuku! Mzigua amekuja, na safari hii ana shahada!"

Shangazi hakunipa hata nafasi ya kunawa uso vizuri. "Umekuja kula au umekuja kupika?" Nikajibu, kwa kiburi cha msemaji wa pili, kwamba nimekuja kupika. Akanikabidhi kinu na mchi.

Chakula cha siku ile kilikuwa bada na kisamvu cha nazi. Nitaeleza kwa kirefu, maana hapa ndipo nilipojifunza kitu. Majani ya muhogo yalichumwa uani, yale machanga ya juu, bila kulipa hata senti. Muhogo wa bada ulikuwa makopa yaliyoletwa na ndugu zetu wa Handeni: muhogo uliomenywa, ukaanikwa juani hadi ukawa mgumu na mweupe kama chaki. Nazi tulinunua moja. Chumvi ilikuwepo. Kitunguu kilikuwa nusu, na ile nusu nyingine ikafunikwa kwa ajili ya kesho. Hesabu ya fedha iliyotoka siku hiyo, kwa kulisha watu saba, ilikuwa bei ya nazi ile moja.

Ndipo kazi ikaanza. Kisamvu hutwangwa hadi jani lisitambulike, na si kwa ajili ya ulaini peke yake. Jani la muhogo lina sumu ya jamii ya sianidi, na kutwanga kisha kuchemsha kwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi, ndiko kunakoiondoa. Shangazi hajasoma kemia, lakini nilipotaka kufunika sufuria ili ichemke haraka alinipiga kofi la mkono. "Acha litoe roho yake mbaya." Wakati kisamvu kikitoa roho yake mbaya nilikaa juu ya mbuzi nikakuna nazi, nikaikamua kwa kifumbu, tui zito likawekwa pembeni, na tui jepesi likatangulia chunguni. Tui zito huingia mwisho na halichemshwi sana, lisije likakatika. Machicha walipewa kuku. Kifuu kimoja kikawekwa juu ya paa kikauke, kitakuwa upawa; kingine kikaingia motoni. Nilitafuta kitu kilichotupwa katika mapishi yale nikakosa. Hata maji ya nazi yalinywewa na mtoto aliyekuwa amesimama pale kwa kazi hiyo tu.

Majirani walikuja kutazama. Kwetu mwanamume mzima kukaa juu ya mbuzi ni sinema. Mmoja akauliza huyu mume wa nani anayekuna nazi, shangazi akamjibu kwamba ni daktari, na anafanya utafiti. Kicheko kile kiliendelea hadi chakula kilipoiva. Tukala juu ya mkeka, mkono mmoja, sinia moja. Sitakudanganya kwa kusema kilikuwa kitamu kuliko vyakula vyote duniani. Kilikuwa kitamu. Bada ilikuwa na vidonge viwili vitatu ambavyo kila mtu alijua ni vyangu, na hakuna aliyevisema mpaka rafiki yangu alipowasili.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo katika semina sikulisema kwa sababu sikulijua. Ile mboga ya bure ilikaa motoni karibu saa mbili. Chakula kisichogharimu fedha ndicho kinachotaka moto mrefu kuliko vyote, yaani kisamvu, maharage makavu, makande, mbaazi. Na moto wa shangazi ni mafiga matatu na kuni, katika kibanda kisicho na dirisha. Kwa saa mbili nilikuwa nikitoka nje kila baada ya dakika chache kufuta machozi. Shangazi hakutoka. Usiku nilimsikia akikohoa chumbani kwake, kikohozi kifupi, cha mazoea, cha mtu asiyetarajia kitaisha. Kuni zenyewe zilichanjwa na kubebwa na mwanamke wa miaka 70 na ushei. Kwa hiyo hesabu yangu ya nazi moja ilikuwa na uongo ndani yake. Nilikuwa nimehesabu fedha, sikuhesabu mgongo wala mapafu.

Utaniuliza, na mtungi wa gesi je? Swali zuri. Mtungi upo. Niliupeleka mimi mwenyewe miaka miwili kabla, nikapiga nao picha. Nimeukuta sebuleni, umefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake chombo cha maua ya plastiki. Nilipouliza, shangazi alisema gesi ni ya wageni. Aliutumia kuchemshia chai hadi ukaisha. Kuujaza tena kunataka safari ya Korogwe, nauli ya mtu na ya mtungi, na fedha zote kwa mkupuo. Mkupuo ndio usiokuwepo. Shangazi anaishi kwa kipimo. Mafuta ya kula hununua ya kupima, sukari ya kupima, sabuni ya kipande, na kila anunuacho kwa kipimo humgharimu zaidi, kwa kilo au kwa lita, kuliko ninavyonunua mimi dukani mjini. Mimi nabana matumizi kwa kununua kiroba. Yeye hana wa kumkopesha bei ya kiroba.

Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa kuanzia mwaka 2024 hadi 2034, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwisho wake. Mimi nauunga mkono mkakati huo, na naona wanaoukejeli hawajawahi kukaa katika kibanda cha shangazi. Lakini natamani kila anayegawa mtungi wa kwanza aulizwe habari za mtungi wa pili.

Kesho yake tulifanya jaribio. Zamani niliwahi kusikia kwamba chungu kikitolewa motoni kingali kinatokota, kikafungiwa ndani ya kapu lililosheheni kitu cha kuzuia joto lisitoke, kitaendelea kujipikia chenyewe. Tulichukua tenga kuukuu, tukalijaza blanketi lililochakaa, mabaki ya mkonge makavu na magunia. Maharage, yaliyolala ndani ya maji usiku kucha, yakachemshwa nusu saa kwa moto mkali, sufuria ikafunikwa, ikazikwa ndani ya tenga saa tatu asubuhi. Shangazi alilipita lile tenga mara kadhaa akilitazama kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mganga. Saa nane akalifungua. Maharage yalikuwa laini, na mvuke ukampiga usoni. Hakunisifu. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Basi kesho nitaliwekea na makande." Ndugu msomaji, nina vyeti kadhaa ukutani. Hakuna hata kimoja kilichonifurahisha hivyo.

Turudi kwenye kitanda.

Rafiki yangu alishauri tununue kamba ya nailoni dukani, tuwambe kwa nusu saa, tukanywe chai. Nikakataa. Nilisema tunaishi katikati ya mkonge, itakuwa aibu. Alinitazama akasema sawa, aibu tutaitoa, lakini mikono itakuwa yako. Yeye ana ekari chache za mkonge, kwa hiyo majani yalikuwepo. Kiwandani jani husagwa na mashine tuliyoizoea kwa jina la korona, na singa hutoka ndefu na safi. Sisi tulitumia ubao na panga butu. Unaliponda jani, unalilaza, unakwangua nyama yake ya kijani mpaka singa zinabaki. Maji yake yanawasha, na yanawasha pale ambapo huwezi kujikuna mbele za watu. Tukazisuuza, tukazianika, na siku ya pili tukaanza kusokota. Rafiki yangu alisokotea pajani, kamba ikimtoka kama inayotoka dukani. Yangu ilikuwa na matumbo na viuno. Alisema kamba yangu inafaa kufundishia watoto umbo la nyoka aliyemeza panya.

Hata hivyo katika zile saa nyingi za kukaa chini ya mwembe tulizungumza mambo ambayo kwa simu hatujawahi kuyagusa: mke wake wa kwanza, mwanawe aliyekwenda machimboni upande wa Handeni na kuacha kupiga simu, mwaka nilioshindwa kuja kumzika mama yake kwa kisingizio cha mitihani. Hilo la mwisho alilisema akiwa ameinamia kamba, bila kunitazama. Nami nikaomba msamaha nikiwa nimeinamia kamba. Sidhani kama tungeyaweza mazungumzo hayo tukiwa tumekaa kwenye viti tukitazamana.

Na ni pale pale aliponiambia neno lililoniingia. Nilikuwa nimeanza kusifu maisha ya pale, hewa, chakula, watu, nikisema kwamba mjini tumepotea. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Daktari, umaskini ukiutembelea ni mtamu. Wewe una siku tano."

Sikuwa na jibu, na bado sina jibu kamili. Najua alikuwa na haki. Yeye mwenyewe, niseme ukweli, hulala kwenye godoro la sponji, na kitanda cha kamba hakitaki hata kwa zawadi. Alikuwa ananisaidia kutengeneza kitu ambacho yeye alikikimbia zamani. Lakini pia najua kwamba kicheko cha shangazi kwenye kinu hakikuwa cha kuigiza mbele ya mgeni. Anacheka hivyo hata nisipokuwepo, majirani wameniambia. Anapenda kutwanga. Anapenda kugawa nazi ikatosha watu saba, na ukimwona anavyoiangalia sinia ikiisha sawasawa na njaa za watu, utajua hiyo ni fahari ya ufundi. Asichokipenda ni moshi, na kuni, na kupima mafuta kwa kijiko. Sisi wa semina tumevifunga vyote katika furushi moja, tukaliita maisha ya kiasi, tukamshauri aendelee nalo.

Jioni ya siku ya tatu tukaanza kuwamba. Kamba huanzia upande wa mchago, hupita mfumbati hadi mfumbati, kisha zinakuja zile za kukatiza, juu na chini, hadi kunakuwa na wavu. Wakazi wa Pwani wanakiita kitanda hiki teremka tukaze, kwa sababu kamba hulegea kila baada ya siku kadhaa, na hakikazwi mtu akiwa juu yake. Nikiwa mtoto, katikati ya miaka ya 1980, nilikuwa naisikia sauti ya baba ikisema, "Teremka!" Nasi tulioruka juu yake mchana kutwa tunashuka mbio, na yeye, kama alikuwa amejilaza, anashuka kwanza. Ile ilikuwa miaka ya foleni. Mwaka 1979, baada ya vita ya Kagera, Mwalimu Nyerere alikuwa amewaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na miezi hiyo ikazaa miaka. Mama alitusimulia unga wa njano wa msaada, ule ulioitwa Yanga, na sabuni iliyokatwa kwa uzi ili vipande vilingane. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi, na baba, aliyekuwa karani wa mizani shambani, alizika mfuko wa sukari uani kwa hofu, mvua ikanyesha, ikawa hasara tupu. Alikisimulia kisa hicho kwa kucheka hadi anakufa. Lakini sikumsikia akilaani ule wito wa kufunga mkanda. Alisema aliyeutoa alionekana naye amefunga wake.

Tukiwa katikati ya kuwamba, kijana mmoja wa jirani alikuja na simu yake, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, miguu inaning'inia, anatazama video. Tulivuta kamba, haikuja. Tukavuta tena. Rafiki yangu akamwambia kwa upole, "Mwanangu, huwezi kukaa juu halafu sisi tukaze." Kijana akaruka, akaomba radhi, akashika ncha ya kamba akavuta nasi. Alisema lile neno kwa kijana, lakini mimi ndiye niliyeona haya usoni. Nilikumbuka ile sahani yenye samaki, kuku na nyama.

Usiku wa mwisho nililalia kitanda kile. Kamba mbichi ya mkonge inanuka nyasi na jua, na inapiga kelele kila ukigeuka. Nililala kama mtoto hadi saa nane, nikaamka nikiwa nimezama katikati, magoti yakikaribia kidevu, maana kamba mpya hulegea vibaya usiku wa kwanza, na ile yangu yenye viuno ililegea kuliko zote. Asubuhi bodaboda wa kunipeleka Korogwe alikuwa ameshafika anapiga honi. Shangazi akaingia, akaniona nilivyozama, akaegemea mlango kwanza acheke. Rafiki yangu alikuwa nyuma yake, amekuja kuniaga, tayari anakunja mikono ya shati.

"Teremka, baba," shangazi akasema. "Gari moshi litasubiri."

Gari moshi halikuwa la kusubiri mtu, na yeye alilijua hilo. Nilishuka. Nikashika upande wa miguuni, rafiki yangu akashika mchago, shangazi akasimama katikati akionyesha kamba ipi ivutwe kwanza.